Mgeni wa Mwaka 2010

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi jioni, Francis Mosha hutandika kitambaa cheupe juu ya meza ya sebuleni kwake Wembley na kupanga glasi nne. Kitambaa lazima kiwe cheupe, husema, ili rangi ya mvinyo ionekane vizuri ukingoni mwa glasi. Mkewe Haika huleta viti vya ziada kutoka chumbani, maana haijulikani watakuja wangapi.

Mvinyo Francis aliujulia uwanjani, kwenye vyumba ambavyo matajiri hutazamia mpira nyuma ya kioo. Alianza kwa kubeba trei, akakipenda alichobeba, akakisomea. Anaousifu kuliko yote ni mvinyo mwekundu wa Rioja, kule Uhispania, ule wa kizamani unaokaa miaka kwenye mapipa ya mwaloni, kisha miaka mingine ndani ya chupa, ndipo watu waruhusiwe kuununua. Ukifunguliwa hutoa harufu ya ngozi, tumbaku na tini kavu. Ukinywewa huleta pia waliokufa mwaka ule zabibu zake zilipochumwa. Wanaokuja ni jamaa wa walioketi mezani tu, kila mmoja huja mara moja, na chupa ikikauka wanaondoka.

Wageni walio hai ni Solomon na mkewe Jedidah, Wakenya wanaokaa Kingsbury. Solomon hunywa. Jedidah kanisa lake halitaki pombe, kwa hiyo yeye hunusa, huzungusha mvinyo mdomoni na kuutema kwenye ndoo. Kwa kuwa wataalamu wote hutema, hajaona haja ya kumsumbua mchungaji kwa maswali. Chupa ya 1994 ilimleta bibi yake, akauliza mjukuu wake amefundishwa na nani kutema kitu kizuri namna ile. Ya 2001 ilimleta mjomba wa Solomon, akalalamikia baridi mpaka wakamsogezea hita.

Haika alikuwa akimngoja mama yake.

Mama alikufa mwaka 2012. Hivyo ndivyo Haika alivyoambiwa. Miaka miwili kabla yake, kaka yake Humphrey alipiga simu kutoka Moshi kusema kiharusi kimemfunga mama ulimi. Haika alikuwa muuguzi, maombi ya ukaazi yalikuwa yamekwama ofisini, na aliyetoka nchini kabla ya majibu alihesabiwa kuwa ameyaacha. Maombi yalikuwa kwa jina lake. Francis alikuwemo kama mume tu. Hakwenda. Badala yake, kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu, Humphrey akasema anaiweka sikioni kwa mama, na Haika akaongea. Alimsimulia mambo ya wadi, theluji, na mimba iliyoharibika, ambayo Francis mwenyewe hakujua alivyoililia. Upande wa pili mtu alikuwa akipumua. Haika alizijua zile pumzi. Wakati mwingine alinyamaza ili azisikilize tu.

Majibu ya maombi yalipotoka, wiki ile ile Humphrey akapiga tena: mama ametutoka. Haika alifika akakuta wameshazika, wakamwambia ilibidi waharakishe. Saruji ya kaburi ilikuwa na nyufa zenye ukungu wa kijani. Humphrey akailaumu saruji ya siku hizi, naye Haika akakubali, kwa sababu mfiwa hakagui ujenzi.

Basi chupa za 2012 zilipoanza kuuzwa, Haika alinunua ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Alikuja shangazi wa Francis, akamaliza jibini yote. Mama hakuja. Haika akafungua nyingine, na nyingine tena. Akaanza kuamini kwamba mama amemkasirikia kwa kutokwenda kumuuguza, na jambo hilo likamkondesha. Francis alimshika bega akamwambia waliokufa nao wana shughuli zao. Alimwambia hivyo bila kupepesa jicho, mtu yule.

Chupa za 2010 hazikuwahi kufunguliwa nyumba hiyo. Francis alisema bado changa, ziachwe. Yeye ndiye mjuzi, nani ambishie? Lakini Jumamosi moja mwaka jana Solomon alikuja na moja. Alikuwa amesoma kwamba 2010 ulikuwa mwaka wa kusifiwa huko Rioja, na kizibo alikuwa ameshaking'oa kwake ili mvinyo upate hewa.

Sasa kwao Uchaggani, anayekukaribisha mbege, pombe ya ndizi, huionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Asiyeonja ana jambo. Francis hakuwahi kuiacha desturi hiyo hata kwa Rioja. Aliona fahari kwamba Wazungu nao humwonjesha mwenye meza kwanza. Siku hiyo alijaza glasi nne, akaiweka chupa chini, na yake hakuigusa.

"Mume wangu, hujaonja," Haika alisema.

"Mafua. Pua imeziba."

Haika akainua glasi yake, akanywa.

Mama yake akatokea jikoni. Alikuwa amevaa kitenge na sweta la bluu ambalo Haika alimtumia Krismasi, lingali na mikunjo ya kifurushi. Haika alimwamkia, mama akaitikia, akavuta kiti akaketi. Francis naye alitoa shikamoo. Hakuitikiwa.

Haika alimuuliza kwa nini amekuja na chupa hii. Mama akajibu kwamba huo ndio mwaka wake. Alianguka shambani mwezi wa nane, wakichuma kahawa, na jioni hiyo akawa ameondoka. Kiharusi cha ulimi hakukijua. Aliongea mpaka dakika ya mwisho, na aliloliongelea ni kwamba asizikwe kabla binti yake hajafika.

"Na simu za Jumapili, mama?"

"Simu zipi, mwanangu?"

Jedidah akasahau kutema, akameza.

Francis hakukana. Alisema Humphrey alimpigia siku ile ile, wakashauriana kama wanaume. Haika angejua, angepanda ndege, maombi yangekufa, na yeye Francis angerudishwa pamoja naye. Alikusudia kumwambia baadaye. Baadaye ikawa vigumu.

"Nani alikuwa anapumua?"

"Mke wa Humphrey," Francis alisema. "Akiwa na kazi, watoto walishika."

Haika aliifikiria ile Jumapili ya mimba, na mtoto wa kaka yake akiwa ameshika simu. Aliona aibu na uchungu kwa pamoja, asijue aanze na lipi. Mama alimwomba chai, kwa kuwa mvinyo hakuwahi kuuzoea na nyumba ilikuwa na baridi. Haika akainuka. Chupa ilikuwa na zaidi ya nusu. Aliwaambia wote mtu asiiguse, yeye na mama yake wana maongezi marefu.

Alichemsha maziwa, akaponda tangawizi, akatia sukari nyingi kama mama alivyopenda. Aliporudi na kikombe, kiti kilikuwa kitupu. Chupa ilikuwa imelala mezani, tupu, na machicha yake yamekichafua kile kitambaa. Glasi ya Francis, ile ambayo hakuigusa, ilikuwa imenywewa yote, na midomo yake ilikuwa myekundu. Solomon alikuwa anatazama dirishani.

"Amechoka, safari yake ni ndefu," Francis alisema. "Halafu mvinyo huu ukikaa wazi unaharibika."

Haika alikiweka kikombe mbele ya kiti.

"Nilikuwa bado sijamwambia chochote," alisema.