Ee ya Profesa Gamaliel

Haki ya Mungu, maneno haya ni ya kweli toka juu mupaka chini. Hakuna chumvi niliyotia, hakuna maji niliyopunguza. Mutu wa Butembo mwenye kusema nadanganya aniletee Biblia, nitaweka mukono juu yake mbele ya batu, na mukono utabaki muzima. Sasa sikilizeni.

Kulikuwa binti moja wa mutaa wa Vulamba, jina lake Falonne, mwalimu kijana ku chuo kikuu kimoja cha hapa mujini. Bengine kule banafundisha hesabu, bengine sheria. Yeye kazi yake ilikuwa maneno, na kati ya maneno yote ya dunia alichagua moja, dogo kuliko yote: "ee." Alilifuata ku soko, ku mulango wa kanisa, ku parking ya magari ya Beni, akitega sikio namna batu banaitika mu simu. Mama yake alikuwa anaona haya kuwaelezea majirani mutoto anasomea nini.

Na Falonne alisema hivi. Sisi ukituuliza, "Haukukula?" na kweli hatukukula, tunaitika "ee." Maana yake: umesema sawa, sikukula. Mufaransa ukimuuliza vilevile atajibu "non." Sisi tunajibu maneno ya mutu, Mufaransa anajibu tumbo lake.

Mwenye kumwongoza mu kazi hiyo alikuwa Profesa Gamaliel, muzee wa Beni, mutu aliyesoma Ulaya mupaka akarudi akikohoa Kifaransa. Yeye hakukubali hata kidogo.

"Falonne, hiyo ni ya mama zetu ku shamba," alimwambia. "Mutu aliyeingia darasani, Kifaransa kimekwisha kupanga upya nyumba yake ya ndani. Mimi ukiniuliza 'haukukula?', nikasema 'ee', ujue nimeshiba."

"Prof, hapana."

"Ee."

"Ee ya namna gani hiyo, Prof?"

Muzee akacheka mupaka akatafuta kitambaa.

Basi ukafika mukutano wa kila mwaka wa Société ya Bachunguzi ba Texte na Mazungumuzo, na safari hii ulikuwa Butembo. Muzee alikuwa ameacha kusafiri. Njia ya Beni na Butembo, na bale batu ba bunduki mu pori, mwenye kuijua haulizi kwa nini. Lakini Falonne alimusumbua na simu juma zima: "Prof, mukuye munikatalie mbele ya batu! Mukinikatalia mu nyumba yenu, nani atasikia?" Muzee alikataa, akakataa, halafu akakubali. Alisema gari fulani nyeupe itamubeba asubuhi ya mukutano. Mbele ya kukata simu aliongeza, "Mais ni wewe uliyeniita, eh?" Alisema kwa mchezo. Falonne lile neno lilibaki kwake kama mwiba wa samaki.

Asubuhi hiyo salle, ukumbi wa mukutano, ilijaa, lakini ilijaa vibaya. Radio ilikuwa imetangaza "conférence juu ya texte," na kwetu huku texte ni mustari wa Biblia ule muhubiri anasoma mbele ya kuhubiri. Pasta Ésaïe akafika na mama za chorale, kwaya ya kanisa lake, kila moja na Biblia yake kwapani, bakakaa mbele kabisa.

"Texte ya leo iko wapi?" Pasta aliuliza.

"Pasta, leo tuko na texte kumi na tatu," akajibu Profesa Malachie, président wa société.

Pasta akageukia chorale yake. "Mama, leo tutalala hapa."

Falonne alikuwa mu couloir, ku ujia wa nje ya salle, mahali pale tu réseau inapatikana, simu juu kama mutu anayepima upepo. Ikaita. Akasikia kikohozi cha muzee.

"Prof! Hamuyatoka bado?"

"Ee," akasema muzee.

Réseau ikakatika.

Falonne akaingia mu salle na furaha. "Prof anakuya! Amekwisha kutoka!" Maana alifikiri upesi: huyu ni Gamaliel, mutu wa Kifaransa, alinipa mwenyewe sheria ya ee yake. Malachie akamupangia muzee kiti cha kwanza, na chupa ya maji juu ya meza.

Texte ya kwanza, kazi ya muchunguzi moja, ikasomwa. Ya pili. Chai ikanywewa na mandazi yakaisha. Kile kiti kikabaki wazi. Falonne akatoka, akapiga. Mama wa ndani ya simu akamwambia namba hii haipatikani. Akarudi, akakaa, akasimama tena. Texte ya tatu ilikuwa juu ya matangazo ya vifo mu radio, na alipoisikia akatoka mbio.

Nje akakuta taximan moja wa pikipiki anapanguza moto yake.

"Kaka, unatoka parking ya Beni? Magari ya kule inafika?"

"Iko nafika kidogo kidogo. Mais banasema kuna gari imesimama ku njia, kule mu pori. Milango wazi yote. Batu ya ndani balikimbilia mu majani."

"Gari ya rangi gani?"

"Banasema nyeupe, dada."

Falonne akashika ukuta. Mu kichwa chake ile sauti ndogo ikaanza kuzunguka. Ee. Kama ni ee ya mama zetu, muzee hakutoka, yuko Beni, amekaa. Kama ni ee ya Kifaransa, muzee alitoka toka asubuhi, na gari ni nyeupe. Na yeye mwenyewe, kwa mudomo wake, aliniambia ee yake ni gani. Na ni mimi niliyemwita.

Akamwambia Malachie mu sikio. Malachie hakuwa mutu wa siri. Habari ikaenda toka kiti mupaka kiti kabla hajamaliza kusikia. Yule aliyekuwa anasoma texte ya ine akajikuta anasomea madirisha.

Sasa hapo ndipo mujue bachunguzi ni batu gani. Mutu mwengine angetafuta gari. Bale balitafuta ee.

"Ilikuwa ndefu ama fupi?" akauliza Docteur Zorobabel, mutu wa miwani mbili, moja ku macho na moja ku paji la uso.

"Sikumbuki, Docteur."

"Ukumbuke! Ilipanda ku mwisho ama ilishuka?"

"Ilikuwa kati."

"Kati haiko! Sauti inapanda ama inashuka, haikai hewani kama tai."

Moja akasema ee yenye kufuata kikohozi haihesabiwi. Mwengine akasema kikohozi chenyewe ni jibu. Ku nyuma vijana bawili bakaanza kuitika ee, ee, ee, bakijaribu kuipata ile ya muzee, mupaka chorale ikafikiri ni wimbo na mama moja akashika sauti ya chini. Pasta Ésaïe akasimama, akafumba macho, akaanza kumwomba Mungu achunge mutumishi wake "kama yuko ku njia, na kama hayuko ku njia vilevile."

Zorobabel akainua mukono. "Tuwe batu ba akili. Gamaliel namujua miaka mingi. Ni mutu wa Kifaransa mupaka mu usingizi. Ee yake ni ile 'si' ya Bafaransa, ya kukana: umekosea, nimetoka. Donc alitoka. Donc..."

Akakaa polepole, akavua miwani zote mbili.

Malachie akasogea mbele, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu zangu," akaanza na sauti ile ya matanga, "mu saa kama hii, labda inafaa tusimame, tunyamaze kidogo..."

"HAPANA!"

Ni Falonne. Hakuna aliyejua binti mwembamba vile ana sauti ya namna hiyo. Alikuja mbele bila karatasi, viatu vikipiga simenti.

"Hapana musimame! Kukaa, mukae! Prof hakutoka."

"Binti," akasema Zorobabel kwa upole, "asubuhi ulituambia alitoka."

"Asubuhi nilikosea. Nilifuata maneno yake, sikufuata sikio langu." Akamugeukia Zorobabel. "Docteur, wewe mukeo akikuamsha akuulize 'haukuamuka?', unajibu na kitabu gani?"

Salle ikacheka kidogo, kicheko cha batu benye woga.

"Mutu akipata muda wa kufikiri, anajibu namna alivyosoma. Asipopata muda, anajibu namna mama yake alivyomunyonyesha. Prof alinijibu palepale, na kikohozi bado kiko mu koo. Hakufikiri. Nilimwambia 'hamuyatoka bado,' akaniambia ee: umesema sawa, hatuyatoka. Ku soko nilisikia hiyo ee, ku kanisa, ku parking. Hainidanganyaka."

"Na kama unakosea?"

Falonne akafungua mudomo. Kila mutu aliona jibu mu macho yake, na hakuna aliyetaka alitaje.

"Kama ninakosea," akasema, "basi mimi ndiye niliyemwita."

Pale pale simu yake ikalia mu mukono. Karibu aiangushe. Haikuwa namba ya muzee. Ilikuwa ya Mama Agar, muke wa muzee. Malachie akachukua micro ya salle, akaisogeza karibu na simu, na batu bote bakasikia.

"Mutoto wangu, simu ya bwana ilibaki hapa, ujumbe unasema ulipiga mara nyingi. Kuko nini?"

"Mama Agar, Prof... Prof hayuko hapo?"

"Ee."

Salle nzima ikapiga yowe la woga. Zorobabel alishika kichwa.

"Mama, tafadhali! Ee yuko, ama ee hayuko?"

"Mais we mutoto, si uliuliza kama hayuko? Nakuambia ee. Hayuko. Alitoka."

Falonne akakaa chini ku simenti. Mama moja wa chorale alianza kulia, ule wa sauti ya chini.

"Alitoka..." Falonne alisema, na sauti ilikuwa kama ya mutu aliye mu kisima. "Alitoka kuja Butembo?"

"Butembo na nini? Dereva alikuja bila pneu ya kubadilisha, mimi nikamufukuza. Nilimwambia, na tairi moja ya upara hauwezi kunibebea bwana! Gamaliel iko kwa kinyozi hapa karibu. Alisema kama haendi leo ataenda kesho, na hawezi kwenda na kichwa kama kichaka. Ngoja, huyu anaingia. Papa! Batoto ba Butembo bako ku simu!"

Ikasikika miguu, kiti kinavutwa, na kikohozi kile.

Falonne alikuwa amesimama tena. Angeweza kulia, angeweza kumushukuru Mungu. Lakini mutu wa kazi ni mutu wa kazi. Akauliza polepole:

"Prof, hamukutoka Beni?"

Malachie akasogeza micro karibu zaidi.

"Ee!" akasema Profesa Gamaliel, na hasira. "Nilikuambia toka asubuhi!"

Mungu moja! Bachunguzi bakaruka. Vijana bakapanda juu ya viti. Zorobabel alikumbatia Pasta Ésaïe na Biblia yake pamoja. Muzee ku simu akapiga kelele, "Munapiga makofi ya nini? Nasema sikutoka! Musifurahi vile, mutanikasirisha!"

"Prof," Falonne akasema, machozi yakishuka sasa kwa nguvu zote, "mumesema ee."

Ku Beni muzee akavuta kiti, akakaa. Ukasikika muziki kwa jirani.

"Nilisema ee?"

"Mulisema, Prof. Asubuhi na sasa hivi."

"Ulinitega, wewe."

"Hapana, Prof. Niliogopa."

Muzee akakohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha kifua. "Basi soma kazi yako," akasema mwishowe. "Na pale panapoandikwa 'mama zetu ku shamba,' ongeza: na muzee moja wa Beni, kichwa nguvu, amenyolewa vizuri."

Falonne akasoma. Na ile gari nyeupe ya mu pori? Ilikuwa imezama mu matope, na batu bale balikimbilia mu majani kukata matawi ya kuweka chini ya pneu. Ilifika na mizigo yake ya mafuta, dereva akashangaa kwa nini bachunguzi wanamupa mukono.

Alipomaliza kusoma, batu mia tatu balimubeba Falonne juu ya mabega, chorale mbele, Zorobabel akipiga ngoma, mupaka Vulamba, na magari yote ya mujini yakasimama...

Hapa ndipo kalamu yangu ilikamatwa. Sophie, muke wangu, alikuwa nyuma ya kiti, anasoma juu ya bega langu.

"Batu mia tatu gani? Salle ile haiingizi hata sitini. Na wewe hukukuwako, ulikuwa hapa na mafuta ya moto ku goti. Falonne mwenyewe ndiye alikuelezea, kwenye kiti hicho hicho."

"Nimepamba kidogo, Sophie."

"Mutoto alirudi na miguu mu mvua, viatu mu mukono. Analia njia nzima, peke yake. Utamupamba na ngoma?"

Akaniletea Biblia, kama nilivyoomba. Sikuweka mukono. Akaniletea kamba badala yake, na akanionyesha jogoo langu jekundu, lile la kuamsha mutaa, kartié nzima, kwamba hilo ndilo litakwenda Vulamba kumwomba Falonne samahani kwa ile ngoma ya uongo. Nimekwisha kulifunga miguu. Linaniangalia na jicho moja tu, na njia ya Vulamba ni ya kupanda.