Nukta Iliyoruka

Mwalimu alikuwa na figo moja tu inayofanya kazi, na mshipa mkuu wa damu tumboni mwake ulikuwa umevimba kama puto. Kuutibu kwa njia ya kawaida kulihitaji dawa ya rangi ili mishipa ionekane kwenye eksirei, na dawa hiyo ingeweza kuimaliza figo. Mashine mpya ilitumia sumaku: ncha ya waya ulioingizwa kupitia kinena ilionekana kwenye skrini kama nukta juu ya ramani ya mishipa, bila dawa.

"Kwa hiyo wewe uliyenichorea mto unaopanda mlima," Mwalimu alimwambia daktari, mwanafunzi wake wa jiografia wa zamani, "leo unasoma ramani ya tumbo langu?"

"Safari hii nimesoma kweli, Mwalimu."

"Ilinde figo tu, mwanangu. Haina spea."

Mkurugenzi wa hospitali alialika wapiga picha. Daktari alionya kwamba chuma kikikaribia meza, ramani hupotoka. Stendi ya chuma ya kamera ikawekwa kando ya ukuta, mbali na meza.

Bomba la kitambaa, la kuukinga mshipa uliovimba usipasuke, lilikuwa limefunguka nusu ndani yake nukta iliporuka. Mkono wa daktari haukuwa umesogea. Aligeuka. Stendi ilikuwa ubavuni mwa meza.

"Toa hicho chuma!"

"Kidogo tu, daktari," mkurugenzi alisema. "Wapate uso wako."

"Nimesema toa!"

Ilitolewa, lakini nukta haikurudi mahali pake. Ikiwa bomba lilifunika mlango wa mshipa unaolisha figo, kulifungua lote kungeiua papo hapo. Kungoja ramani ipangwe upya hakukuwezekana. Bomba lililofunguka nusu lilikuwa linabana damu. Aliagiza dawa ya rangi.

Mlango ulikuwa umefunikwa kweli. Akalishusha bomba, akalifungua. Mshipa ulipona. Figo haikuihimili dawa.

Alimkuta Mwalimu kando ya mashine ya kusafisha damu, ambayo sasa ni yake mpaka kaburini.

"Nimepitishwa kwenye korido," Mwalimu alisema. "Picha yako iko ukutani. Imeandikwa 'Upasuaji wa kwanza bila dawa ya rangi.'"

"Ameandika mkurugenzi."

"Sijauliza nani kaandika. Nani atasahihisha?"

"Nilimwambia. Akasema tusiharibu sherehe."

"Na wewe ukasemaje?"

Daktari alitazama mirija.

"Basi mto umepanda tena mlima," Mwalimu alisema, akageukia ukuta.