Gari Lililoota Ndevu

Nilimwona Bi Saleha akipita uani na fenesi bichi lililopasuliwa, na kapu la sufi kichwani, wala sikutambua lolote. Nilidhani sufi ni ya mito ya bibi harusi na fenesi ni la mbuzi. Nilikuwa likizoni kutoka Makerere, mwaka 1956, na nilikuwa nimekwisha kuzoea kuamini kwamba kila kinachobebwa na mtu kina kazi yake ya kawaida.

Tulikuwa Mtimbwani kumchukua Asmahani, aliyeozwa asubuhi ile kwa binamu yangu Zubeiri. Sisi ni Wadigo, Asmahani ni Msegeju, na Mdigo na Msegeju ni watani. Mtani hukutukana mbele ya wakwe, hukunyang'anya kofia, hukupaka majivu hata msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Gari, hata hivyo, halikuwa la Mdigo. Lilikuwa Morris nyeusi, kuukuu lakini yenye kung'aa, mali ya Ernesti, dresa, yaani mfunga vidonda, wa hospitali ya shamba la mkonge. Alikuwa kijana Mkatoliki kutoka milima ya Usambaa, mnyamavu, mwenye adabu nyingi kiasi cha kuwachosha watu. Ami yangu Haji, babake Zubeiri, ndiye aliyemwomba atusaidie kumleta bibi harusi Tanga. Ernesti alikubali, ingawa siku hiyohiyo alikuwa na haja yake kubwa: saa kumi na moja jioni treni ya kutoka Korogwe ingemshusha Mzee Timotheo, baba wa msichana aitwaye Praxeda. Mzee alikuwa anakuja kumtazama kijana anayemtaka binti yake, kisha ndipo atoe jibu.

"Huku sina ukoo wala nyumba," Ernesti aliniambia njiani. "Nina gari hili tu la kumwonyesha kwamba najua kutunza kitu."

Tulipokwisha kula wali tukatoka nje. Gari lilikuwa jeupe. Boneti, milango na paa vilikuwa vimepakwa ulimbo wa fenesi, na juu ya ulimbo imebandikwa sufi, mashungi kwa mashungi, mpaka Morris ikafanana na kitu kilichotaka kutaga mayai.

"Hili gari au bata?" aliuliza ami Haji, akicheka hata kofia ikamwanguka.

"Ni mzee wa Kidigo huyo," Bi Saleha, shangazi wa bibi harusi, alijibu kutoka barazani. "Tumempa mvi, labda mtamheshimu."

Ernesti hakucheka. Aligusa mlango kwa ncha ya kidole, na ulimbo ukamfuata kama uzi. Jua la saa saba lilikuwa limekwisha kuukausha pembeni.

"Leteni mchanga na makumbi ya nazi," alisema Zubeiri. "Tutalisugua sasa hivi."

"Mchanga hapana," alisema Ernesti. "Utakwaruza rangi yote."

Mimi nikapendekeza petroli, kwa sauti ya mtu aliyesoma kemia. Ernesti hakunikatalia. Alisema tu kwamba kidonda hakimwagiwi dawa kabla ya kuijaribu mahali padogo. Alilowesha kitambaa, akainama, akasugua chini ya madigadi ambapo mtu haoni. Ulimbo ulilegea kidogo, lakini kitambaa kilitoka cheusi, na pale alipogusa pakabaki pamefifia kama ubao wa shule.

"Basi si hiyo," alisema kwa upole. Nilimwona akitazama jua, nikajua anahesabu mwendo wa treni.

Tulilisukuma gari hadi kivulini ili bati lipoe. Bi Saleha akashuka barazani, mikono kiunoni.

"Dawa ninayo," alisema. "Lakini bure siitoi."

"Nikupe nini, mama?"

"Mama yako yuko kwenu milimani. Mimi mtani. Nitukane."

Ernesti alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo kanisani. "Siwezi kumtukana mtu mzima. Kwetu mtu mzima huamkiwa shikamoo."

"Shikamoo yako niliipokea asubuhi, nikashiba. Sasa nataka tusi, tena liwe na chumvi!"

Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja akauliza kama dresa ana ulimi au aliuacha hospitali pamoja na sindano. Ernesti alianza kutokwa na jasho. Ami Haji akamsogelea, akasema taratibu, "Mwanangu, hajakuonea. Mgeni hupewa kiti akaachwa. Anayepakwa ulimbo ni mtu wa nyumbani."

Ernesti alilizunguka gari lake mara moja, polepole, kama anavyozunguka kitanda cha mgonjwa. Kisha akakohoa.

"Bi Saleha," alisema, na sauti yake ilikuwa rasmi kabisa, "nimelichunguza gari langu. Hizi si mvi. Ni ndevu. Limekaa Mtimbwani asubuhi moja tu, na limekwisha kuwapita waume zenu wote."

Mzee mmoja barazani akashika kidevu chake kitupu. Hapo uwanja mzima ukalipuka. Bi Saleha alikaa chini mchangani, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Kanipata! Wallahi kanipata! Leteni mafuta!"

Yalikuwa mafuta ya nazi, yaleyale anayojipaka mikononi kila mpasua fenesi wa pwani ili ulimbo usimshike. Ernesti aliyajaribu kwanza chini ya madigadi, akangoja, akafuta. Rangi ikabaki salama. Ndipo tukapaka gari zima na kuyaacha mafuta yafanye kazi. Ulimbo ukalainika, tukaufuta kwa vipande vya kanga kuukuu bila kutumia kucha, tukibadili kitambaa kila kilipochafuka ili chembe za mchanga zisikwaruze. Mwisho maji ya sabuni, kisha kitambaa kikavu. Kazi yote waliifanya watani wenyewe, wakitutukana bila kupumzika, na Ernesti, kwa sentensi fupi zenye adabu, akiwajibu.

Tulimfikisha Asmahani na mumewe nyumbani Tanga, kisha nikamsindikiza Ernesti stesheni. Mzee Timotheo aliitikia shikamoo zetu, akalikagua gari kwa macho, akainama kwenye boneti, akanusa.

"Kijana, mbona gari lako linanukia wali wa nazi?"

Ernesti angeweza kusema ni dawa ya kung'arishia. Alieleza yote, pamoja na ndevu.

"Ukamwambia hivyo? Mwanamke mtu mzima?"

"Ndiyo, mzee. Alinitaka nimwambie."

Mzee alicheka mpaka akashika mlango asianguke. Alipopata pumzi akasema, "Kwamba wewe ni mwangalifu, tulikwisha kusikia. Mama yake Praxeda alikuwa na hofu moja: kwamba hujui kucheka, na binti yetu hawezi kukaa kimya siku nzima. Nitamwambia aanze kushona nguo za harusi."

Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Tangu siku ile ya Mtimbwani, kwetu hakuna aliyemwita Ernesti mgeni tena. Alialikwa katika kila harusi kama mtani, hata zile ambazo hazikuhitaji gari.