Kupuliza Faiba

Hapana, hakulia. Nani kakwambia Batuli alilia? Angelia ingekuwa afadhali. Alitoka mle ndani macho makavu kama michembe, vile viazi vya kukausha juani, akapita katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka, akaenda kukaa juu ya tofali nje ya geti kumsubiri kaka yake Awadhi, maana walikuja na pikipiki moja. Hebu fikiria: umeshindwa, halafu aliyekushinda ndo anakupakia kukurudisha nyumbani.

Ngoja nirudi nyuma, nisije nikakuacha njiani.

Batuli ni mtoto wa Shamila, yule mshona nguo wa hapa Kitete. Awadhi ni wa Najiat, dada mkubwa wa Shamila. Ua mmoja, jiko moja, hata ugomvi wao ni mmoja. Batuli alishika kazi ya mitandao ya vituo vya data, yale majengo yenye makabati ya seva zinazotunza mambo ya watu, majibu ya vipimo, hesabu za maduka, mpaka picha za harusi. Sasa kwa Tabora hii ungejifunzia wapi? Zile swichi za kugawa data nani atakuazima ukazichezee?

Akapata simuleta. Ni mchezo, ila mchezo wa kweli. Unachora swichi kwenye laptopu, unachora seva, unavuta mstari toka hapa mpaka pale, unaandika amri, na data zinapita kama zinavyopita huko kwenyewe. Unaizima swichi moja makusudi uone data zitazungukia wapi. Ukiunganisha vibaya zikazunguka zikazunguka mpaka kituo kizima kikalala, unafuta, unaanza upya, na hakuna mgonjwa aliyekosa majibu yake. Batuli aliua vituo vya data vingi pale kwenye meza ya cherehani, na kila alichokiua kilimwachia kitu kichwani. Kwa hilo simuleta isitukanwe.

Awadhi yeye alikuwa kibarua kule Puge, anachimba mitaro ya faiba, ule waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga. Kazi ilipoisha akarudi, akasogeza kigoda karibu na meza.

"Dada, na mimi nifundishe."

Akamfundisha. Alikuwa mzito, anasahau, leo unamwonesha kesho anakutolea macho, lakini msichana akamfundisha kwa moyo mmoja.

Ndo ikatangazwa nafasi. Kampuni ilikuwa imejenga kituo kidogo njia ya Kwihara, humohumo walimopita watu wa misafara ya zamani na pembe zao za ndovu, na ilitaka mtu mmoja tu. Wakaomba wote wawili. Shamila akamwambia bintiye bila kuzunguka: "Ukipata, sawa. Ukikosa, hiyo laptopu anaichukua atakayeipata kazi, wewe unakaa kwenye cherehani na mimi. Mchezo umekuwa mrefu."

Asubuhi ya usaili Najiat alikuwa ameshaanza kuchambua mchele. "Apate huyu, apate yule," anasema, "pilau ni la ua wetu."

Kituoni wakapokelewa na msimamizi, Octavian, mtu wa meno meupe na tabasamu lisilofika machoni.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akaitazama laptopu aliyoikumbatia Batuli. "Wewe ndo fundi wa laptopu?"

Mtihani wa kwanza ulikuwa kwenye simuleta. Batuli aliufanya kama anakoroga chai. Octavian akaua swichi ya kati, Batuli tayari alishaziwekea data njia ya pili. Akamtegea kosa lililojificha, akalifukua. Awadhi alivuka kwa shida, tena kwa yaleyale aliyofundishwa na dada yake.

"Kwa kompyuta wewe mganga," Octavian akamwambia Batuli. "Haya, tuingie ndani."

Ndani kulikuwa na kelele za mafeni na baridi kali. Makabati, nyaya zimebanana kama nywele zisizochanwa, zote rangi moja. Swichi mbili hazikuwa zinaongea, taa ya waya mmoja imezimika. "Iwashe," Octavian akasema, akakunja mikono.

Batuli akachomeka laptopu, akasoma mipangilio. Ilikuwa sawa. Akaiandika upya. Sawa. Akazunguka kwenye amri zilezile, maana kwenye simuleta kosa linakaa kwenye amri. Kule waya ni mstari tu. Mstari haushiki vumbi.

Mwishowe akachomoa ile faiba, akaona vumbi kwenye tundu, vumbi letu hili jekundu. Akafanya tunavyofanya wote simu ikikataa chaji. Akapuliza. Akachomeka. Taa kimya.

Octavian aliona. Angeweza kusema. "Labda hujapuliza vizuri," akasema kwa upole kabisa. "Puliza tena."

Akapuliza. Mafundi wakaanza kusogea, mmoja katoa simu anapiga picha za video.

"Kwa nguvu, mama. Jaza mashavu."

Akajaza mashavu. Alipowasikia wakicheka ndo akajua.

"Unaitemea mate faiba," Octavian akasema, tabasamu limekatika. "Mwanga utapita kwenye mate? Ningekuajiri leo, kama seva zangu zingekuwa zinakaa kwenye laptopu yako. Toka. Awadhi!"

Awadhi, aliyekuwa mlangoni anaangalia yote kupitia kioo, akaingia, akaomba kikalamu cha kusafishia faiba. Akakibonyeza kwenye ncha ya waya, akakibonyeza kwenye tundu, akachomeka. Taa ikawa kijani.

Pale nje ya geti Batuli akamuuliza, "Ulijua?"

"Puge tulikuwa tunawaona mafundi wanasafisha."

"Miezi yote hii unakaa na mimi. Mbona hukuniambia?"

Awadhi akapiga pikipiki kiki. "Hukuniuliza."

Nyumbani habari ilishatangulia, na ile video nayo. Najiat akampokea mwanawe kwa vigelegele, kisha akamgeukia Batuli, sinia mkononi. "Batuli mwanangu, hebu njoo utupulizie pilau, bado la moto!" Ua mzima ukacheka. Shamila naye akacheka, na hilo ndo lilimwingia mtoto wa watu kuliko yote. Halafu mama huyo akaenda ndani mwenyewe, akaitoa laptopu ambayo Batuli alikuwa ameshaiweka, akamwekea Awadhi mapajani.

Awadhi akaifungua, akaangalia kioo, uso ukambadilika. Akasogea kwa Batuli, sauti ya chini. "Dada, Jumatatu Octavian anataka nimpangie njia za data kituo kizima. Swichi ikifa zipite wapi. Si utanisaidia?"

"Nitakusaidia, kaka," Batuli akasema. "Utakachoniuliza nitakujibu."

"Sasa mimi nitajuaje cha kuuliza?"

Batuli akachukua jagi na beseni, akaanza na yeye, kama anavyoanziwa mgeni wa heshima.

"Nawa," akasema.

Akamwagia maji mikononi, akawamwagia wote mpaka mama yake, akaweka jagi chini, akajitafutia nafasi kwenye mkeka, mkabala na kaka yake. Najiat akafunua sinia, na ua mzima ukakaa kula.