Taa ya Juu ya Cherehani

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi wa redio na taa, na ana maringo ya mtu anayejua kazi yake. Chumba chake na changu vimetengwa na ukuta mmoja tu: yeye husikia cherehani yangu, nami husikia miluzi yake. Taa inayoning'inia juu ya cherehani hiyo aliiunda yeye, nami nilikuwa nimeichoka.

Nilimwambia inafifia. Akaichukua, akairudisha, akasema ni nzima. Nikalalamika tena, safari hii nikiwa na ushahidi: sketi nyeusi iliyorudishwa na mteja kwa sababu niliishona kwa uzi wa bluu iliyokoza. Mume wangu alitaka kucheka, akanitazama usoni, akaghairi.

Wifi aliifungua taa mbele yangu. Akanionyesha chipu, nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Betri, alisema, ina volti nyingi kuliko zinazohitajiwa na vibalbu hivi. Ukiviunga moja kwa moja vinaungua. Basi chipu inakata umeme na kuufungulia, maelfu ya mara kwa sekunde, na koili iliyo kando yake inautuliza, vibalbu vikapata kiasi kilekile. Betri ikijaa, haizidishi. Betri ikichoka, haipunji. Akaweka mita, akabadilisha betri, na namba haikusogea. Nisiwe mnyimi, nilivutiwa. Mwanamume mwenye tabia hiyo ningemwoza binti yangu bila kuuliza ukoo.

Hata hivyo nilimwambia mita yake imezeeka.

Alikwenda kwake, akarudi na taa nyingine, mpya kila kitu, akaining'iniza kando ya ile ya zamani. Akaniuliza ipi inang'aa zaidi.

Nilitazama kwa muda mrefu. Zote mbili zilikuwa na ukungu uleule.

Niliyafikicha macho, nikatazama tena; ukungu ulibaki. Nimeshona tangu sijaolewa. Cherehani ndiyo iliyonilelea wanangu, na bila macho sijui mimi ni nani. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua lenyewe nililolisingizia lilikuwa la wifi.

“Taa haina kosa, wifi,” alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. “Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho. Nitakushika mkono njia nzima, watu wadhani tunapendana.”

Alinishika kweli. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na anatolewa. Wakamtoa, jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye.

Siku niliyorudi kazini, wifi alisimama mlangoni akijifanya anatafuta bisibisi. Niliwasha taa. Uzi mweusi ulikuwa mweusi na wa bluu ulikuwa wa bluu. Nikaizima, nikaifungua, nikayasoma maandishi madogo mgongoni mwa chipu, herufi kwa herufi, kwa sauti. Kisha nikaisifu. Nilisema haizidishi wala haipunji, haimchoki mtu, na matusi yangu yote imeyavumilia bila kubadilika. Niliyasema hayo yote nikiitazama chipu, maana kumtazama aliyesimama mlangoni kulikuwa kugumu zaidi.

“Imesikia,” wifi akasema, akaingia ndani.