Kucha za Cyprien

Alhamisi ile, uwanja wa ndege wa Simi-Simi, Philomène alikuwa wa saba kwenye mstari wa ndege ya Kindu. Kapu lake lilikuwa miguuni, na mdogo wake Cyprien kiunoni, ndani ya fundo la kikwembe alichojifunga.

Cyprien, seremala, alikuwa amezikwa hapo hapo Kisangani wiki mbili kabla. Mama yao kule Kindu haoni tena, wala hawezi kusafiri. Kwa hiyo siku ya kuosha maiti, Philomène mwenyewe alikata nywele kidogo za utosini na kucha zote kumi za mikono, akazifunga kwenye kipande cha shati la marehemu, lile la bluu, akashona kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo. Kwao ni hivyo: mtu akifia mbali, hivyo ndivyo vinavyorudi, na mama huvizika kama anayezika mwili mzima. Njiani havifunguliwi. Kindu walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi.

Zamani ulipima mzigo, ukapanda. Sasa redio ilikuwa imesema habari za ndege zilizotekwa nchi za mbali, na askari mmoja alisimama mezani na spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachoma kila kitu. Alichoma unga wa muhogo. Alichoma kwanga, mikate ya muhogo iliyofungwa majani, moja moja, zote sita, na kila mara alipangusa spoku kwenye kikwembe kipya alichonunuliwa mama. Philomène aliyatazama yale madoa meupe.

"Citoyenne, karibia." Mkono ulimpapasa kiunoni, ukakuta fundo. "Iko nini hapa?"

"Ni ya maiti, papa. Ya mudogo yangu. Haifunguliwe."

"Maiti mu fundo? Bon, fungua."

"Nimesema haifunguliwe."

"Mutu ya bombe naye anasemaka vile vile." Akachomoa kile kipande cha shati, akatoa kisu, akakata uzi. Nywele na kucha zilimwagika mezani, nyingine zikaruka mpaka chini kwenye simenti. Mstari mzima ulirudi nyuma hatua moja.

"Fetishi! Uchawi!" askari akapiga kelele. "Unataka kuangusha ndege ya batu?"

"Weye ndiye umefungua!"

Lukumani, mfanyabiashara, jirani yake wa mtaa wa Kabondo, alikuwa nyuma yake ndani ya suti ya abakosti ya kijivu. "Mama Philo, acha tu hivi vitu. Ndege inaruka juu ya pori tupu, tuko na woga. Alors, tupande."

"Lukumani! Ulikula wali ya matanga yake, ukaomba tena samaki. Leo kucha zake zinakuogopesha?"

Mtu mmoja alicheka, akakata kicheko upesi.

Philomène alipiga magoti. Nywele aliziokota kwa kidole alichokilowesha mate. Kucha alizihesabu kwa sauti. Ya gumba la kushoto, yenye ufa wa nyundo, hiyo hapa. Ile ndogo ya mwisho, hiyo hapa. Tisa. Nje injini ziliwaka, jina lake likaitwa mara mbili, mara tatu. Abiria walimpita na mizigo yao. Lukumani aliiruka miguu ya jirani yake bila kutazama chini.

Ndipo Philomène akaona kiatu cha askari.

"Inua muguu."

"Citoyenne, ndege inakuacha."

"Inua muguu! Uko na mama weye? Akizika mutoto yake, azike vidole tisa?"

Hakuna aliyewahi kusikia mwanamke akimfokea askari hivyo. Askari alitazama mlango, akatazama dari, kisha akainua kiatu, polepole. Ukucha ulikuwa pale, umevunjika vipande viwili. Philomène aliviokota vyote viwili. Alipotoka nje, ndege ilikuwa imeshapita juu ya miti.

Alikwenda moja kwa moja parokiani, kwenye phonie, ile redio ya kuitia Kindu. Aliyeiendesha ni papa Timothée, mtu mpole.

"Sema kwa mama: Cyprien hakupanda. Kaburi wasifukie, nitakuja Alhamisi ingine. Na sema: askari amemufungua mu uwanja, amemukanyaga."

Papa Timothée aliondoa kidole kwenye kitufe. "Mama, ile ya askari hatuwezi. Huku kila mutu anasikiaka. Hata bakubwa. Tuseme tu ndege ilijaa."

"Haikujaa. Kiti yangu ilienda tupu."

"Mama Philomène, nakuomba..."

Philomène alimshika mkono, akaurudisha kwenye kitufe, akaushikilia hapo.

"Sema. Basikie."