Mlango Alioufunga Lemuel Stroud

Lemuel Stroud alimwona jirani yake Hedlund kwenye kioo cha mlango wa bunge la jimbo la Kansas, Marekani, theluji imemganda ndevuni, akibishana na bawabu.

Mlango ulifungwa kwa ufunguo, na aliyetaka ufungwe ni yeye mwenyewe. Wiki iliyopita wabunge wenzake wawili wa chama cha wakulima walialikwa chakula na watu wa kampuni ya reli, wakapotea mpaka kura ikapita. Safari hii Lemuel alisimama akasema asitoke mtu hadi mswada wa kushusha gharama ya kusafirisha mahindi kwa reli upigiwe kura. Alipigiwa makofi, maskini, akavimba kichwa.

Bawabu alifungua upenyo.

"Mkeo Permelia ana uchungu tangu juzi, mtoto kakaa vibaya," alisema Hedlund. "Anakutaja wewe tu, Lem."

"Na daktari?"

"Yule wa kampuni ya reli? Kagoma. Eti mke wa mbunge atibiwe na mbunge."

Lemuel akamwendea Spika, mtu wa reli kuanzia kofia hadi viatu.

"Pole sana, Mheshimiwa. Nenda, ruhusa nakupa. Treni ya bure ipo, na daktari atapanda nawe."

"Na kura?"

"Watapiga watakaokuwepo."

Bila yeye mswada ungeanguka kwa kura moja. Aliwageukia wenzake, wote wakainamisha macho, isipokuwa mzee Purdy.

"Lem, watu wanachoma mahindi jikoni kama kuni, maana kuyapeleka sokoni ni hasara," alisema Purdy. "Usituache, ndugu yangu."

Lemuel alirudi kitini. Alijichukia, akawachukia na wao. Jina lake lilipoitwa alikubali kwa sauti ambayo wengi hawakuisikia.

Mswada ukapita, kofia zikarushwa juu. Spika alimpa mkono.

"Hongera. Kule Seneti, baraza la juu, hautasomwa hata kichwa chake. Wale wote ni wetu."

Treni ya bure haikuwepo tena. Alisafiri kwa gari la farasi la Hedlund, usiku na mchana.

Walikuta majirani nyuma ya nyumba wakichimba ardhi iliyoganda, wakipokezana sululu moja. Kaburi lilikuwa la watu wawili.

Mmoja wao akamshika Lemuel mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole, Lem. Mungu akutie nguvu. Lakini habari tumezipata stesheni, umewashinda wale. Mwaka huu tutauza mahindi, sivyo?"

Wote wakaacha kuchimba, wakamngoja.

"Tutauza," alisema Lemuel, akaichukua sululu.